MJADALA: Sanamu ya Juan de Oñate irudishwe uwanjani au ibaki ghalani?

Mleta mada, Albuquerque (New Mexico)

Wadau, salaam. Nina mada inayonisumbua tangu nihamie mji huu. Naomba tuijadili kwa hoja, na anayepinga apinge bila kuogopa.

Hapa Albuquerque, nje ya jumba la makumbusho karibu na Mji Mkongwe, kuna msafara wa watu wa shaba. Wanaume, akina mama, watoto, frateri, wanyama, mkokoteni. Wote wanasonga mbele kwa taabu. Aliyekuwa akiwaongoza hayupo tena. Manispaa ilimng'oa tarehe 16 Juni 2020, siku moja baada ya maandamano ambamo mtu mmoja alipigwa risasi na kujeruhiwa pale pale kwenye sanamu. Siku hiyo ya maandamano, kaskazini mwa jimbo katika kijiji cha Alcalde, serikali ya kaunti ya Rio Arriba nayo ilikuwa imeshaondoa sanamu nyingine ya mtu huyo huyo, akiwa juu ya farasi. Mtu mwenyewe ni Juan de Oñate, gavana wa kwanza wa Kihispania wa New Mexico.

Septemba 2023 kaunti hiyo ikatangaza kwamba ile ya Alcalde itasimamishwa tena, safari hii mjini Española. Upinzani ukawa mkali, uzinduzi ukaahirishwa, na katika mkusanyiko wa waliopinga mwanaharakati mmoja wa makabila ya wenyeji akapigwa risasi. Alipona. Hesabuni wenyewe: watu wawili wamemwaga damu kwa ajili ya mtu aliyefariki mwaka 1626.

Wengi wenu hamumjui, kwa hiyo niruhusuni nimweleze kabla hatujabishana.

Oñate hakuzaliwa Hispania. Alizaliwa Zacatecas, katika Meksiko ya leo, yapata mwaka 1550, mtoto wa tajiri wa migodi ya fedha. Mkewe, Isabel de Tolosa Cortés de Moctezuma, alikuwa mjukuu wa Hernán Cortés na papo hapo kitukuu cha Moctezuma, mtawala wa Waazteki ambaye Cortés huyo huyo alimwangusha. Mwaka 1595 Oñate alipata mkataba wa kwenda kaskazini kuanzisha koloni kwa gharama zake mwenyewe. Hilo la gharama tulishike vizuri. Alikwenda kama mtumishi wa mfalme, lakini alikwenda pia kama mtu aliyetia mtaji na anataka urudi na faida.

Akaondoka mwaka 1598 na wanajeshi zaidi ya 100, familia, watumishi, mafrateri wa Kifransisko, magari ya kukokotwa zaidi ya 80 na mifugo kwa maelfu. Tarehe 30 Aprili, ukingoni mwa mto Rio Grande karibu na El Paso ya leo, alisoma tangazo kwamba nchi yote iliyo mbele ni ya Mfalme Philip II. Julai akafika kijiji cha wenyeji cha Ohkay Owingeh, akakipa jina la San Juan, akajiweka humo.

Sasa Acoma. Ni mji wa wenyeji wa Amerika waitwao Wapueblo, uliojengwa juu ya jabali, mita 110 hivi kutoka ardhini. Watu waliishi humo karne nyingi kabla ya Mhispania yeyote kufika, na mpaka leo wamo. Desemba 1598 mpwa wa Oñate, Juan de Zaldívar, alipanda huko na wanajeshi kutaka unga. Ilikuwa majira ya baridi, na akiba ya chakula ndiyo uhai. Ugomvi ukazuka. Zaldívar aliuawa pamoja na wenzake zaidi ya kumi. Mwezi uliofuata Oñate alimtuma mdogo wa marehemu, Vicente de Zaldívar, na wanajeshi wapatao 70 wakiwa na mizinga midogo. Vita vilianza Januari 22, 1599. Siku ya tatu mji ulikuwa majivu. Makadirio ya waliouawa yanafika 800.

Waliosalia, wapatao 500, wengi wao wanawake na watoto, wakafikishwa mahakamani. Walipewa hata mtetezi, naye alikuwa kapteni wa jeshi lile lile lililowachoma. Tarehe 12 Februari 1599 hukumu ikatoka, na Oñate ndiye aliyeitoa. Wanaume waliozidi miaka 25 wakatwe mguu mmoja na watumikishwe miaka 20. Waliokuwa na miaka 12 hadi 25, miaka 20. Wanawake waliozidi miaka 12, miaka 20. Watoto wa chini ya hapo hukumu ilisema hawana hatia, lakini wakatenganishwa na wazazi: wasichana kwa mafrateri, wavulana kwa Vicente de Zaldívar. Wasichana wapatao 60 walipelekwa Jiji la Mexico. Wanaume wawili wa Kihopi, kabila jingine la wenyeji, waliokutwa pale Acoma walikatwa mkono wa kulia na kurudishwa kwao, ili watu wa kwao waione mikono ile na kuelewa.

Msimamo wangu: asirudishwe uwanjani. Karibuni.

Mchangiaji, Mwanza

Mkuu, umeeleza vizuri mno, nimesoma mpaka mwisho. Swali moja tu. Hao wanaotaka arudi ni akina nani? Wazungu?

Mleta mada

Ndugu wa Mwanza, hapo ndipo sisi wageni tunapopotea. Nami nilipotea miaka miwili ya kwanza.

Wanaomtaka ni watu wa asili ya Kihispania wa kaskazini ya New Mexico, wenye majina ya koo kama Baca, Lucero na Montoya. Koo hizi zinajihesabu tangu zama za msafara ule wa 1598. Wao nao walitekwa. Mwaka 1848, baada ya vita kati ya Marekani na Meksiko, nchi yao ikawa ya Marekani. Ardhi za jumuiya, yaani malisho na misitu waliyopewa enzi za Hispania na Meksiko, zikawaponyoka kesi moja baada ya nyingine mikononi mwa mawakili na wafanyabiashara waliojua Kiingereza cha mahakamani. Baadaye watoto wao wakaadhibiwa shuleni kwa kusema Kihispania. Vijiji vingi vya huko mpaka leo ni maskini.

Mtu wa namna hiyo akimsimamisha Oñate anawaambia Wamarekani wa Kiingereza: tulifika hapa miaka 22 kabla ya Mayflower, meli iliyowaleta walowezi wenu Waingereza, msituite wahamiaji. Jirani yangu, ukuta kwa ukuta, ni wa ukoo wa namna hiyo. Mzee mpole, ndiye aliyenionyesha namna ya kupaka udongo nyumba yangu. Sanamu ilipong'olewa alihuzunika kama mtu ambaye kaburi la babu yake limefukuliwa. Simdharau hata kidogo, na kwa sababu yake nimeichukua mada hii kwa uzito.

Mwalimu wa historia, Iringa

Napingana na mleta mada, kwa heshima zote.

Kwanza, tunamhukumu mtu wa karne ya 16 kwa mizani yetu. Zama zile kukata kiungo ilikuwa adhabu ya kawaida Ulaya na kwingineko. Pili, kwa sheria ya Hispania watu wa Acoma hawakuwa maadui wa nje. Viongozi wao walikwisha kula kiapo cha utii Oktoba 1598, kwa hiyo walipowaua wanajeshi wa mfalme walihesabiwa waasi, na kila dola huwaadhibu waasi. Sisemi ilikuwa haki. Nasema hivyo ndivyo gavana yeyote wa wakati ule angetenda.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi: ukiondoa sanamu, mwanafunzi atajifunza kwa kutazama nini? Mimi ni wa Iringa. Wajerumani walichukua fuvu la Mkwawa, likarudi mwaka 1954. Tumeliweka Kalenga, watoto wanakwenda wanaliona, na hapo wanauliza maswali ambayo daftari haliwezi kuyaleta. Mombasa pana Fort Jesus ya Wareno. Malindi pana nguzo ya Vasco da Gama. Hatujavunja. Kwa nini New Mexico wavunje?

Mchangiaji, Mombasa

Shikamoo mwalimu. Nakuheshimu lakini mifano yako haikai sawa.

Fort Jesus ni ngome, watu wameishi na kufungwa na kufa ndani yake. Wareno waliianza 1593, Waomani wakaitwaa 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Ukiingia leo unasoma habari za waliozingira na waliozingirwa pamoja. Haimtukuzi mtu. Francisco de Almeida aliichoma Mombasa mwaka 1505. Nitajie barabara ya mji huu aliposimamishwa juu ya farasi. Hayupo. Je, kuna mtoto wa Mombasa asiyejua kwamba Wareno walituchoma?

Na Malindi ni Malindi. Wao walimpokea da Gama kama mgeni mwaka 1498 na wakampa rubani wa kumvusha bahari. Ile nguzo ni kumbukumbu ya mapokezi. Usiilinganishe na mtu wa Acoma kutazama sanamu ya aliyemkata babu yake.

Hata hilo fuvu la Mkwawa, mwalimu wangu, ni la aliyepigwa. Kalenga hamkuweka sanamu ya Tom von Prince, Mjerumani aliyempiga Mkwawa.

Mwalimu wa historia, Iringa

Marahaba. Hilo la von Prince umenipata. La kwanza na la pili bado yanasimama.

Mleta mada

Mwalimu, nianze na la pili kwa sababu ni fupi. Kiapo cha Oktoba 1598 kilikuwepo, maandishi yake yapo. Lakini maneno yalitoka kwenye Kihispania kwenda Kinahuatl, lugha ya Meksiko, ndipo yakatoka kwenye Kinahuatl kwenda Kikeres, lugha ya Acoma. Mkutano wa siku moja, wageni wenye bunduki, wakalimani wa mkono wa pili. Wewe ungesaini mkataba wa kiwanja kwa namna hiyo? Wale wazee huenda walielewa kwamba wanakaribisha wageni. Waliosoma kiapo walielewa kwamba kuanzia jioni ile anayekataa kutoa unga ni mwasi.

Sasa hilo la mizani ya wakati ule. Mwalimu, nakuomba tuichukue hiyo hiyo mizani ya wakati ule, tusiongeze hata gramu moja ya kwetu.

Sheria Mpya za Hispania za mwaka 1542 zilikuwa zimeshakataza kuwafanya wenyeji wa Amerika watumwa. Mwaka 1573 Philip II alitoa maagizo mapya kuhusu safari za kutwaa nchi, na humo hata neno "conquista", yaani utekaji, likapigwa marufuku; walitakiwa waseme "pacificación", kuleta amani. Najua neno likibadilishwa upanga haubadiliki. Ila linatuonyesha kwamba Madrid walishajua jambo hili linanuka miaka 25 kabla Oñate hajavuka mto.

Na watu wake wenyewe walimkataa. Mwaka 1601, wakati yeye yuko safarini kwenye nyanda za Kansas ya leo akitafuta nchi ya utajiri iliyoitwa Quivira, walowezi wengi walifunga mizigo wakarudi Meksiko. Walikuwa na njaa, na walikuwa wameona jinsi vijiji vinavyonyang'anywa mahindi na mablanketi. Mafrateri nao waliandika malalamiko. Mwaka 1607 akaandika barua ya kujiuzulu. Kesi ikafuata. Mwaka 1614 alitiwa hatiani kwa mashtaka 12, yakiwemo ukatili wa Acoma na kuuawa kwa watu wake mwenyewe, Aguilar na Sosa. Adhabu: faini, kufukuzwa Jiji la Mexico kwa miaka kadhaa, na marufuku ya maisha kukanyaga New Mexico.

Wadau, someni tena hiyo adhabu ya mwisho. Mahakama ya mfalme wake, kwa sheria za zama zake, ilisema mtu huyu asionekane tena New Mexico mpaka afe. Na hakurudi. Alirudi miaka ya 1990, akiwa shaba, kwa fedha za walipa kodi. Ninaposema asirudishwe sijatunga hukumu mpya. Naomba ile ya 1614 iheshimiwe.

Mchangiaji, Dodoma

Mleta mada, hapo umefunga bao. Lakini nina swali la lugha ambalo linaweza kuonekana dogo. "Wakatwe mguu" ni kukatwa wapi? Kiswahili chetu mguu unaanzia nyongani mpaka vidoleni. Ni kwenye goti? Kwenye kifundo?

Mleta mada

Si swali dogo, ndilo limeandikiwa kurasa nyingi huku. Kihispania hukumu inasema "pie", yaani kuanzia kifundo kwenda chini. Walioadhibiwa hivyo walikuwa wanaume 24, na walikatwa hadharani kwenye viwanja vya vijiji mbalimbali, kwa siku tofauti, ili wengi washuhudie.

Wapo wanahistoria wanaosema zilikatwa ncha tu, yaani vidole, kwa kuwa kuna maandishi ya Kihispania yanayotaja "puntas de pies", na kwa kuwa mtumwa asiye na mguu hawezi kufanya kazi ya miaka 20. Nimewasikia watetezi wa sanamu wakiishika hoja hii kwa nguvu zote. Binafsi naona uchungu kwamba watu wazima wanabishana vilikuwa vidole au mguu mzima, wakati mji wa watu mamia umeshachomwa wiki tatu kabla. Hata kama vilikuwa vidole, mwanamume wa Acoma aliyechechemea miaka 20 nyumbani kwa mtu mwingine alijua alichonyang'anywa.

Na watu wa Acoma hawakusahau ni mguu gani. Mwishoni mwa 1997, sherehe za miaka 400 zikikaribia, watu waliokwenda usiku Alcalde walikata mguu wa kulia wa Oñate kwenye ile sanamu ya farasi, pamoja na buti na kikuku cha kupandia farasi. Ujumbe walioutuma ulisema walifanya hivyo kwa ajili ya ndugu zao wa Acoma. Mchongaji akaunda mguu mwingine, ukaungwa. Ule wa kwanza haukurudishwa.

Kabla ya usiku ule, niliowauliza huku wanasema, habari za Acoma zilikuwa hazitajwi kwenye sherehe hata moja. Baada yake hakuna aliyeweza kumtaja Oñate bila kuutaja mguu. Sikubaliani na kuharibu mali ya umma. Lakini siwezi kusema haikufundisha.

Mchangiaji, Tanga

Nimekuwa nasoma kimya, sasa niseme. Sisi wa huku tumepitia jambo hili hili.

Hermann von Wissmann ndiye aliyekuja kuzima vita vya watu wa Pwani vya 1888 na 1889. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani Desemba 1889. Miaka 20 baadaye, mwaka 1909, Wajerumani wakamsimamisha Wissmann wa shaba Dar es Salaam, na chini yake askari Mwafrika anamtazama. Baada ya Vita vya Kwanza Waingereza wakamwondoa, wakampeleka London, kisha akaenda Hamburg, akawekwa mbele ya chuo kikuu mwaka 1922. Wanafunzi wa hapo wakamwangusha mara ya kwanza 1967 na mara ya mwisho 1968. Tangu hapo yuko ghalani, na alipotolewa kwenye maonyesho alionyeshwa akiwa amelala.

Pale aliposimama Dar sasa pana Sanamu ya Askari, ya mwaka 1927. Waingereza wameiweka, na hiyo nayo ina maswali yake, lakini leo tumwache Askari.

Ninachotaka kumwambia mwalimu ni hiki: Wissmann hajafutwa. Mimi nimemjua kwa sababu ya kuangushwa kwake. Angebaki pale posta amesimama, ningepita chini yake kila siku nikidhani ni mtu aliyejenga bandari. Kwa hiyo ushauri wangu kwa watu wa New Mexico: msimyeyushe. Mwekeni ndani ya jumba, alale, na ule mguu wa kuungwa uonekane, na hukumu mbili zibandikwe ukutani: ile aliyoitoa 1599 na ile aliyotolewa 1614.

Mchangiaji, El Paso (Texas)

Nami nipo jirani na mleta mada, upande wa Texas. Huku kwetu yupo, tena mkubwa kuliko wote. Uwanja wa ndege wa El Paso una sanamu ya shaba ya mita kama 11, farasi amesimama kwa miguu ya nyuma. Mradi ulianza wazi wazi kama sanamu ya Oñate. Watu wa Acoma na wengine wakaja kulalamika. Baraza la jiji likabadilisha jina, na ilipozinduliwa 2007 ikaitwa "Mpanda Farasi" tu.

Hilo ndilo linalonikasirisha kuliko ya Alcalde. Wakaona aibu ya jina lakini hawakuona aibu ya mtu. Kila nikienda kupokea wageni, wananiuliza huyo nani, na ninabaki mimi, mtu wa Bukavu, ndiye wa kuwaeleza watoto wa Texas. Kama mnamheshimu mtajeni na myaseme aliyoyafanya. Kama hamwezi kumtaja, mshusheni.

Mchangiaji, Nairobi

Jamani mbona hatuwazi njia ya kati? Arudi, halafu kando yake iwekwe sanamu ya shujaa wa Acoma. Kila mtu apate wake.

Mleta mada

Dada, imejaribiwa, na mimi nakaa dakika kumi kutoka ilipojaribiwa.

Ule msafara wa Albuquerque ulipangwa uwe kazi moja ya wasanii watatu: mmoja wa asili ya Kihispania, mmoja Mmarekani mweupe, na mmoja mwenyeji, Nora Naranjo-Morse wa Santa Clara Pueblo. Walibishana miaka. Mwisho wakagawana eneo. Upande mmoja msafara wa shaba, Oñate mbele. Upande wa pili Naranjo-Morse hakuchonga mtu yeyote. Alichimba ardhi yenyewe: njia ya udongo inayozunguka ikishuka kama konokono mpaka kwenye maji katikati, kuta za udongo pande zote na mimea ya nchi hii. Ukishuka mpaka chini huoni tena shaba wala barabara. Unaona mbingu na maji. Nilikwenda mara ya kwanza na mwanangu, akakaa chini kimya, naye ni mtoto asiyejua kukaa kimya.

Kazi hizo mbili zilikaa ubavu kwa ubavu kwa miaka kama 15. Uliona mwenyewe Juni 2020 ilivyokuwa. Ukimweka aliyeumiza na aliyeumizwa uwanja mmoja kwa urefu mmoja, wapitao wanaelewa kwamba walikuwa timu mbili zilizotoka sare.

Na kuna jambo ambalo nashangaa halitajwi vya kutosha. Kila jimbo la Marekani lina nafasi ya sanamu mbili ndani ya jengo la Bunge kule Washington. New Mexico ilipewa nafasi ya kusema watu wake wakuu ni nani. Ya kwanza, iliyowekwa 1966, ni ya Dennis Chávez, seneta wa asili ya Kihispania aliyewatetea watu wake na kupigania sheria dhidi ya ubaguzi kazini. Ya pili iliwekwa 2005. Ni Po'pay, aliyeongoza maasi ya 1680, vijiji vya Pueblo vilipopanga siku moja kwa kamba zenye mafundo, wakawafukuza Wahispania wote kwa miaka 12. Po'pay alitoka Ohkay Owingeh, kijiji kile kile alichojiweka Oñate mwaka 1598.

Kwa hiyo jimbo lilishachagua. Lilimheshimu Mhispania na likamheshimu Mpueblo, na Oñate hakuwa kati yao. Jirani yangu nilimweleza habari za Chávez akasema baba yake alimpigia kura. Uso ulimchangamka namna ambayo sijawahi kuuona tukizungumza habari za Oñate.

Mwalimu wa historia, Iringa

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Hilo la marufuku ya maisha nilikuwa silijui, na linaniondolea hoja yangu ya kwanza. Siwezi kusema alitenda kama wote ikiwa wa zama zake walimtia hatiani. Ila nawe uwe mkweli: alikata rufaa, akahangaika miaka, akaenda Hispania, na mfalme akampa ukaguzi wa migodi. Hakufa kama mhalifu.

Mleta mada

Kweli kabisa, mwalimu. Alihangaika kusafisha jina lake na akafanikiwa kwa kiasi fulani, na cheo cha migodi alipewa, akafia huko Hispania. Alijua migodi tangu utotoni, na taji lilihitaji fedha. Wale wanaume 24 hawakuwa na pa kukata rufaa.

Mwalimu wa historia, Iringa

Nakubali. Sasa nikuulize la mwisho, na hili usilikimbie. Umesema msafara wa Albuquerque umebaki. Akina mama wale, watoto, mtu wa mkokoteni. Wao pia walikula mahindi ya vijiji. Wao pia walikaa kwenye nyumba za watu wa Ohkay Owingeh. Ikiwa kiongozi ameondolewa, wafuasi wanabaki kwa hoja gani? Au tumempata mmoja wa kubeba dhambi, wengine tukawaacha waendelee na safari?

Mleta mada

Mwalimu, hapo umeniweka pagumu na sitajifanya nina jibu. Wengine wa msafara ule ndio waliokimbia 1601 kwa kuchoshwa na aliyowatendea watu. Wengine walibaki wakagawiwa vijana wa Acoma kama watumwa. Kwenye shaba huwezi kumjua yupi ni yupi.

Jumamosi nitapita pale tena na jirani yangu, ameniahidi kunionyesha yupi kati yao anadhaniwa kuwa wa ukoo wake. Nitamuuliza swali lako kama ulivyoliandika, na akiniruhusu nitaleta jibu lake hapa.